Salamu ya Farasi Mzee

Juzi hapa Mbalizi nilinunua karanga, wakanifungia kwenye karatasi ya kitabu cha zamani. Karanga zenyewe zilikuwa mbichi mbichi, lakini hayo tuyaache. Kilichonishika ni ile harufu ya karatasi iliyolowa mafuta.

Baba yangu alikuwa fundi wa pancha kule Ipogolo. Dereva mmoja wa lori alimwachia kitabu cha Kiingereza, habari za wawindaji wa Marekani ya zamani, watu wa farasi na bunduki. Kiingereza chake chote baba alikitoa humo. Alikuwa akitusomea, mikono ina grisi, anatueleza: "Hawa wakipendana wanaitana farasi mzee. Wanaulizana, bado hujachunwa ngozi ya kichwa na maadui?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku moja akaja mgeni Mzungu kufungua bomba la maji shuleni kwetu, wazazi nao wakaalikwa. Baba akasimama, kofia kifuani, akamsalimu kwa sauti, kwa Kiingereza, salamu ile ile ya farasi mzee. Mgeni akamgeukia mwalimu wetu. Mwalimu alipotutafsiria, uwanja mzima ukaangua kicheko.

"We, yule si baba yako?" mwenzangu akaniuliza.

Mimi niliyejua kwamba ile ni salamu ya upendo, nikamjibu, "Aa, jirani yetu tu."

Kumbe baba alishafika nyuma yangu. Hakunigombeza. Alivaa kofia yake, akasema taratibu, "Haya jirani, twende. Mama yako anatusubiri."

Njia nzima niliangalia visigino vyake tu. Uso wake wa siku ile siujui mpaka leo.