Saa ya Uswisi na Mikono ya Baba

Mwanangu, bado naikumbuka Jumamosi moja nilipopanda pikipiki kwenda kwetu Ndalu, mkono wa kushoto nimeukumbatia kifuani kama mtu aliyevunjika. Haukuwa umevunjika. Nilikuwa nimevaa saa mpya.

Siku hizo nilikuwa bado msichana, karani katika ofisi moja mjini Kitale, nikipanga chumba mtaa wa Tuwan. Wenzangu walipenda viatu na mikoba. Ugonjwa wangu mimi ulikuwa saa. Nilikuwa nazo kumi na moja, nyingi nikizipata kwa Mzee Idris, fundi wa saa mwenye duka karibu na msikiti. Yeye ndiye aliyenifundisha kuitazama saa kwa ndani bila kuigusa. Lakini hizo zote zilikuwa saa za kawaida. Hii ya Uswisi nilikuwa nimeiona kwenye picha tu, na mwenye nayo alipotaka kuiuza, Idris aliniita mimi kwanza.

Acha nikueleze ilivyokuwa, maana sisi wapenda saa hatuchoki. Ilikuwa nzito, lakini uzito wa kutulia, kama umeshikwa na mtu asiyekubana. Uso wake ulikuwa wa buluu. Ukiugeuza juani buluu inaingia weusi, kisha inarudi. Mshale wa sekunde haukuruka, uliteleza. Mgongo ulikuwa wa kioo, ukionyesha vigurudumu vikizunguka ndani, na haikuwa na betri. Ilipata nguvu kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa. Kasoro yake ilikuwa mkanda tu, ngozi ngumu iliyonichuna. Niliivua nikipika, niliivua nikifua, na kitambaa laini cha kuifutia hakikutoka mfukoni mwangu.

Nilimkuta baba yangu, Mzee Wekesa, ameketi kwenye turubai na majirani wawili, wakipukuchua mahindi. Aliinuka kunilaki, macho yakatua mkononi mwangu.

"Mayi, hebu nione hiyo kitu."

Mayi ni mama kwa Kibukusu. Aliniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. Nikaifungua nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea mtoto mchanga, akaiweka sikioni, akafumba macho, akatabasamu. Akawaambia majirani kwamba humo ndani kuna mtu anatembea.

Aliponirudishia, niliona kidole gumba chake kimeacha vumbi kwenye kioo. Papo hapo nikachomoa kitambaa nikaifuta. Nilifuta kioo, nikafuta mgongo, nikafuta mpaka mkanda, majirani wakitazama. Sikufikiri, mwanangu. Mkono ulifanya wenyewe. Nilipoinua macho, Baba alikuwa anatazama viganja vyake.

Alienda kwenye mfereji nyuma ya jikoni, nikasikia maji yakimwagika kwa muda mrefu. Baadaye tulikunywa chai, tukaongea habari za mvua na ng'ombe, nikadhani yamepita. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Wakati wa kuagana nilinyoosha mkono, naye hakuupokea mara moja. Alinionyesha viganja vyake kwanza, vyote viwili, safi.

"Nimenawa," akasema. Ndipo akanishika mkono.

Nilicheka kana kwamba ni mzaha. Kabla sijafika lami, kicheko kilikuwa kimekauka.

Jumatatu nilimpelekea Idris ule mkanda aulainishe, na katika maongezi nikamsimulia mambo ya Ndalu kama jambo dogo. Aliacha kazi. Akaitoa jichoni lenzi yake ya kazi, akaiweka mezani.

"Binti yangu, hii saa ikikwaruzwa, lete, nitaisugua. Hiyo ya Ndalu mimi sina dawa yake. Enda wewe mwenyewe. Na usiende na zawadi. Ukimpelekea sukari atapokea, atashukuru, na hamtaongea."

Nikaomba ruhusa kazini, kesho yake nikarudi. Baba alikuwa peke yake kwenye turubai. Niliketi kando yake, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua na saa mkononi, makapi yakiifunika. Akanihimiza niivue, isije ikaharibika. Nikamwambia aiache tu. Tulipukuchua hivyo mpaka rundo likapungua.

"Baba," nikasema, "Jumamosi nilikukosea. Nilifuta saa mbele yako kama umenipaka uchafu. Nisamehe."

Alimaliza hindi lililokuwa mkononi kwanza.

"Mimi nilijua nimeiharibu," akasema. "Hizi siku zote nimekaa nikijiuliza kama hiyo kitu bado inatembea. Nilitaka kutuma mtu akuulize, nikaona haya."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, mwanangu. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Siku zote hizo mimi nilikuwa nawaza aibu yangu, na yeye alikuwa anawaza saa yangu. Nililia pale pale juu ya mahindi. Kisha nikaivua nikamfunga yeye mkononi, tukaendelea na kazi hadi chakula cha mchana, naye kila baada ya mahindi kadhaa anaiinua sikioni kuhakikisha. Ilikuwa inatembea.

Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, kwa hiyo usinililie. Ninakuambia haya kwa sababu kupotea njia ndiko kujua njia, na mimi nilipotea mapema nikiwa na mtu wa kunielekeza.

Sikukatazi vitu vizuri. Mimi mwenyewe bado navinunua, na uzee haujaniponya. Ila siku mzazi wako atakapokishika kitu chako, tulia. Utazame uso wake, kitu chako utakitazama baadaye. Heshima si utumwa. Na ukishakosea, usitume mtu wala ujumbe wa simu. Nenda ukaketi naye kwenye kazi yake, ulitaje kosa lako wazi, halafu unyamaze umsikilize, maana huenda anachokiwaza sicho unachokidhani.

Mungu akujalie mema ya dunia, mwanangu, na akujalie watu wa kuyafurahia pamoja nawe. Kila utakapofika nyumbani, akukutanishe na anayeinuka kukulaki.