Punje Nyuma ya Sikio

Senje, shangazi yangu aliyenilea kule Khayega, alimchagua mtamba wake, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kwa unono wake. Alimnunua kwa watu wanaofuga ng'ombe wa nyama, akasema mwili kama ule hauwezi kukosa maziwa. Kila asubuhi alimkuna nyuma ya sikio, na vidole vyake vilipapasa punje ndogo chini ya ngozi. Alidhani ni makovu ya kupe.

Mtamba alipandishwa mara tatu asishike mimba. Majirani wakasema ni tasa, apelekwe kwa mchinjaji. Neno hilo, tasa, silipendi hata kulisikia. Ndilo lililomrudisha senje nyumbani kutoka kwa mumewe kabla sijazaliwa.

Daktari wa mifugo alipokuja, alilishika lile sikio akatikisa kichwa. Alisema zile punje ni dawa ya homoni ya kunenepesha, kwamba alipandikizwa akiwa ndama mchanga mno, na yaelekea ndiyo iliyomharibia uzazi.

Senje aliupitisha mkono wake shingoni mwa mtamba.

"Kumbe mtoto wa watu hakuwa na kosa," alisema, kisha akaenda kumkatia majani.