Ukuta wa Upande wa Kitanda

Kwetu bondeni nyumba ilifagiwa kila siku, lakini huko hakukuitwa kusafisha. Kusafisha kwenyewe kulingoja maji ya mafuriko yarudi mtoni na mpunga uingie ndani. Hapo vitanda vilitolewa juani, maungio yakamwagiwa maji ya moto ili kunguni wafe. Vyungu vilisuguliwa kwa mchanga na jivu. Kivumbasi kibichi kilifukizwa ndani, mlango umefungwa, hadi mbu na panya wakakimbia. Kisha wanawake walikandika upya kila mahali palipolainishwa na maji. Hatukununua kitu. Tulichohitaji kilitoka kwenye kichuguu, jikoni au porini.

Mwaka ninaousema ulikuwa katika ile miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Mke wangu alikufa kwa homa masika yalipoanza. Tulimzika kwenye makaburi ya kanisa, Ifakara, mahali palipoinuka, maana kwetu ardhi ilikwisha jaa maji. Katika ukoo wetu nyumba ya msiba haikandikwi mpaka matanga yaishe. Maji yalifika kizingitini, hayakuingia ndani, lakini yalipoondoka kuta za nje zilikuwa zimemenyeka hadi usawa wa goti. Fito zilibaki wazi. Ungeweza kusimama uani ukamwona kuku aliye chumbani.

Kwa ndani, upande wa kitanda, palikuwa na ukuta mmoja ambao sikutaka mtu auguse. Mke wangu aliukandika mwaka uliotangulia, na udongo ukiwa bado mbichi akapitisha vidole, mawimbi kutoka juu hadi chini. Alifanya kwa mkono wa kushoto. Kula alikula kwa kulia, kwa sababu mama yake alimfunga ule wa kushoto kwa kitambaa alipokuwa mtoto hadi akazoea. Lakini kwenye udongo hakuna aliyemfuatilia, na mawimbi yake yalilalia upande ambao ya wanawake wengine hayalalii. Nguo zake ndugu walikwisha gawana, kama ilivyo desturi. Picha hakuwahi kupigwa. Huo ukuta ndio ulionibakia. Nikaufunika kwa mkeka ili usichubuliwe.

Baada ya mavuno mama mkwe wangu alituma neno kutoka upande wa Malinyi kwamba nyumba aliyofia mwanawe asiikandike mtu mwingine. Akaja na binti yake mdogo, shemeji yangu. Siku zile mtu na mama mkwe wake hawakukaa chumba kimoja, wala kutazamana usoni. Basi yeye alifanya kazi ndani na mimi nikafanya nje. Nilichimba udongo wa kichuguu, nikautwanga, nikatoa mizizi, nikaukanyaga kwa maji na jivu. Shemeji alikuwa katikati yetu, akibeba.

"Shemeji," aliniambia, akibonyeza udongo kwa kidole, "huu umeukanyaga au umeubembeleza?"

"Nimeukanyaga."

"Mbona una mabonge kama ugali wa mgane?"

Halafu akakumbuka kwamba mgane mwenyewe ndiye aliyekuwa mbele yake. Akainama kuchukua chombo kilichokuwa kimeshajaa.

"Una haki," nilisema. "Lete hapa niukanyage tena."

Kutoka ndani mama mkwe alisema, "Mpe muda mwenzio. Hata mimi udongo wangu wa kwanza ulinishinda."

Walikandika sebule, wakakandika mlangoni. Jua lilikuwa limepita kichwani nilipomsikia mama mkwe ameingia chumbani. Kitanda tulikitoa tangu asubuhi. Nilijua kilichosalia ni mkeka. Nikaacha kukanyaga.

Nikasikia mkeka ukiondolewa. Kisha sauti yake ikapita kwenye fito, karibu kabisa na mguu wangu.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Mkeka huu uliutundika lini?"

"Tangu matanga."

"Mchwa wako nyuma yake."

Nikageuza mgongo, nikachuchumaa kwenye ukuta ili tusionane. Nikamwomba auache huo mmoja. Nilisema nitauangalia mwenyewe, nitawapangusa mchwa kila siku.

"Wamekula hadi kwenye mti," alisema. "Nikiuacha hivi, masika yajayo utakulalia ukiwa kitandani."

"Ni yeye aliyeukandika, mama."

"Najua ni yeye. Mkono ule mimi niliujua kabla yako."

Nyumba ilikuwa yangu, na kama ningekataa kabisa asingeendelea. Hata mchwa wangekuwa wangu. Lakini niliwaza kwamba nilifunika kitu kwa kukipenda, na chini ya kifuniko kikaliwa, nami nalala kandokando yake bila kujua. Nikainuka. Nilichimba udongo mpya, nikatia jivu jingi la jikoni kwa ajili ya mchwa, nikaukanyaga mpaka haukuwa na bonge hata moja. Shemeji aliupokea bila mzaha.

Baada ya kuufikisha alitoka mikono mitupu.

"Mama amesema nitoke."

Tukakaa uani, yeye akisugua chungu kwa mchanga, mimi nikimwagia maungio ya kitanda maji ya moto. Ndani nilisikia ukuta ukikwanguliwa, udongo mkavu ukianguka sakafuni. Nilijua ni nini kinachoanguka. Kisha nikasikia kofi la udongo mbichi, polepole, moja moja, si kwa ule mwendo aliokandikia sebule. Mara mbili nilimsikia akiguna kama mtu aliyekosea na kurudia.

Jua lilipokuwa linashuka alitoka kwa mlango wa nyuma, kanga ameivuta usoni.

"Usiuguse mpaka ukauke," alisema akiwa upande wa pili wa nyumba. "Na mkeka usiurudishe. Ukuta unataka hewa."

Wakaenda kulala kwa jirani.

Niliingia wakati bado kuna mwanga. Chumba kilinuka udongo na kivumbasi. Ukuta ulikuwa mweusi kwa ubichi, na juu yake palikuwa na mawimbi. Hayakuwa mazuri. Mengine yalikatika katikati, mengine yaligongana, kama maandishi ya mtoto wa darasa la kwanza. Kuta za sebule alizifanya kwa mkono wa mtu mzima anayeijua kazi. Hapa mistari ilitetemeka. Lakini mawimbi yote, tangu juu hadi chini, yalilalia upande wa mke wangu.

Nilikaa sakafuni hadi giza likaingia nikashindwa kuyaona.

Asubuhi nilimsikia akikohoa nyuma ya nyumba. Nikaenda pembeni ya ukuta, nikasimama nimeangalia mpunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umelala?"

"Nimelala. Na wewe, mama?"

"Nimelala, ila mkono unaniuma," alisema. Kisha akaongeza, "Ule usiozoea."

Nikawasha moto, nikapasha maji, nikampa shemeji ampelekee.