Binti Aliyetengeneza Chombo cha Angani

Mvua ya vuli ikianza kupiga bati la shangazi Koku kule Buganguzi, televisheni yake ilikuwa haisikiki hata uipandishe sauti mpaka mwisho. Shangazi ni dada yake baba, na kitongojini kwetu televisheni ilikuwa kwake tu. Kila Jumamosi alasiri tulijazana sebuleni, tukinukia moshi wa kuni na senene wa kukaanga, kutazama tamthilia ya watu waliopotea angani wakitafuta sayari ya kuhamia. Wenzangu walinung'unika kwamba bila maneno hawaelewi kitu. Mimi nilielewa. Mwenye macho haambiwi tazama, na macho yangu yalifuata mikono. Kila chombo kilipoharibika, binti wa nahodha ndiye aliyeingia chini ya mitambo akatoka na mafuta mpaka kwenye nyusi. Kila kilipotengemaa, nahodha alimkabidhi ufunguo kaka yake binti huyo, ambaye sikuwahi kumwona ameshika hata bisibisi. Nikawa nayaandika hayo nyuma ya daftari la hesabu, wiki baada ya wiki. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na yalinikera kwelikweli.

Yalinikera kwa sababu niliyajua. Kwetu mwanamke hufanya kazi kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, lakini anachopanda ni maharage na mahindi, vitu vya msimu mmoja. Mbuni hupandwa na mwanaume, maana kupanda mti wa kukaa miaka ni sawa na kusema ardhi hii ni yangu. Mimi na mama tulitandaza nyasi, tukapogoa, tukachuma kahawa. Mrithi alikuwa kaka yangu Mugisha, aliyekijua kibanja kwa kukikatiza akienda mpirani. Basi nikaandika kwamba tamthilia nzima inahusu kibanja, na kwamba mwishoni binti atapewa chombo kwa kuwa ndiye anayekijua.

Baba alikuta maandishi hayo akikagua hesabu zangu. Alisoma kurasa zote taratibu, kisha akasonya. Alijua nimemwandika yeye. Akanipa kalamu, akaniambia niikate ile sentensi ya mwisho, la sivyo nisikanyage tena kwa shangazi. Mama alinikonyeza nikubali, yaishe.

"Sikati, Taata," nikamwambia. "Niliyoyaona nimeyaona."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, naye alikuwa mtu wa kutimiza neno lake. Jumamosi iliyofuata wenzangu walikimbilia kwa shangazi, mimi nikabaki napalilia maharage huku nalia kwa hasira. Mwisho wa tamthilia sikuuona.

Siku hizi naishi Kibeta, mjini Bukoba, na tamthilia ile ninayo yote kwenye simu. Nimo kwenye kundi la mashabiki wanaoichambua. Nilipowaeleza habari ya kibanja walinicheka, wakasema nilikosea tangu utotoni, maana mwishoni ufunguo anapewa kijana. Nimeutazama mwisho huo mara tatu. Waliokosea ni walioutunga. Huwezi kumwonyesha binti akiokoa watu sehemu zote, halafu ukamaliza kana kwamba hakuwahi kuwemo. Nimeandika hivyo kundini, na wa kununa anune.

Baba na mama walishafariki. Kibanja alipewa Mugisha, naye yuko mbali, haji hata Krismasi. Anayekwenda Buganguzi kila Jumamosi kupogoa migomba ni mimi, na guu halijavunjika. Utotoni nilikuwa na sentensi moja tu ya kukataa kuikata. Leo nina mibuni arobaini, niliyoipanda mwaka juzi kwa mikono yangu. Mwezi uliopita wazee wa ukoo waliniita sebuleni kwa baba, wakanitaka niing'oe kabla haijaleta maneno. Walisema kwa upole, sina la kuwalaumu hapo. Kisha mmoja akanisogezea kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu hupewa mgeni. Nilikirudisha mbele yao, nikawaambia mibuni haing'olewi, na kwamba katika nyumba hii wa kukaribisha wageni ni mimi.