Beseni la Mama Hanifa

Mwanasha Alfani wa Bongwe hajapata kuona filamu hata moja. Kwa adabu za kwao, mke wa mtu haingii chumba cha video chenye wanaume sitini. Hata hivyo, kwa miaka minne watu wa Ukunda wamekuwa wakimtegemea yeye kujua kama filamu inafaa.

Mama Hanifa, kama wanavyomwita, huuza viazi vya karai barazani kwa Munyoki, mwenye chumba hicho, aliyetoka Kitui. Hukaanga vyote kabla ya onyesho la saa nane, na haongezi hata kimoja mpaka watu wa saa kumi waingie. Filamu ikiwa nzuri, waliomo ndani husahau matumbo yao na beseni hubaki limejaa. Ikiwa mbaya, hutoka mmoja mmoja, wakanunua, wakarudi polepole. Watu wa saa kumi hulitazama beseni kwanza, ndipo wakate tiketi.

Aprili hii, 1999, Munyoki alileta filamu ya tatu na ya mwisho ya shujaa mmoja arukaye na joho. Ya kwanza ilikuwa imeacha beseni zima. Ya pili, robo tatu. Ya tatu, kabla haijafika nusu, beseni lilikuwa limebaki na makombo tu. Walionunua walilalamika kwamba safari hii shujaa anazungumza mno na ameruka mara mbili tu.

Munyoki alitoka na ndoo ya viazi vilivyomenywa.

"Mama Hanifa, pika hizi haraka. Watu wanakuja."

"Nitakaanga wakishaingia."

"Nakupatia bure! Si uongo, ni viazi tu."

"Kama ni viazi tu, mbona una haraka navyo?"

"Baraza ni yangu, mama. Na masika ndiyo haya."

Mwanasha alilifuta beseni, akaliacha wazi.

Wa kwanza kufika alikuwa Jefwa, fundi baiskeli. "Shikamoo, mama. Lo! Hata kimoja?"

"Marahaba. Hata kimoja, mwanangu."

"Basi shujaa kaanguka."

Kati ya watu hamsini, waliingia kumi na wawili. Walisema wameanza na mtu yule, hawawezi kumwacha hewani.

Jumatatu Mwanasha alihamishiwa ng'ambo ya barabara, chini ya turubai lililotoboka. Siku mbili mvua ilimzimia jiko kabla mafuta hayajachemka.

Jumamosi kulikuwa na filamu nyingine. Watu wa saa kumi waliupita mlango wa Munyoki, wakavuka matope.

"Limejaa!" alisema Jefwa.

"Usilitazame hilo, mwanangu. Mvua ndiyo iliyolijaza. Nani avuke tope hili kwa ajili ya kiazi? Filamu ya leo siijui."

Wakarudi makwao. Munyoki, ambaye alijua kwamba filamu ile ilikuwa nzuri, aliwatazama mpaka wa mwisho. Kisha akavuka, akaliinua benchi la Mwanasha begani.

"Rudi barazani, Mama Hanifa."

"Na beseni likiwa tupu?"

"Likiwa tupu, liwe tupu."