Dakika Saba Mdomoni mwa Tangi

Mama yake alikuwa na mzaha mmoja ambao majirani wote waliujua. "Binti yangu kaajiriwa kuuza hewa," alisema, "na mimi miaka yote nilidhani hiyo kazi kaishika Mungu peke yake."

Wala haukuwa uongo. Kiwanda alichofanyia kazi binti huyo kilivuta hewa hii hii tunayopumua, kikaikandamiza na kuipoza mpaka ikawa maji, kisha kikazitenga gesi zake ndani ya mnara mrefu uliovikwa mabati. Oksijeni ilikwenda hospitalini na kwa mafundi wa kuchomelea vyuma. Nitrojeni ilikwenda kwa wagandishaji wa nyama, na kwa maofisa mifugo waliohifadhi mbegu za madume bora. Maji hayo yalikuwa na baridi ya karibu nyuzi mia mbili chini ya sifuri. Kipande cha mpira kikichovywa humo hutoka kigumu, na kikianguka sakafuni huvunjika kama kigae.

Aliingia pale akiwa mfagiaji. Alifagia chumba cha mitambo miaka miwili, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutazama, alizoea mishale ya vipimo vya ukutani kama mtu anavyozoea sura za jirani. Siku moja akamwambia mhandisi, "Samahani, mzee. Mshale ule wa tatu haujasogea tangu Jumanne." Mhandisi akacheka. Kisha akaenda kugonga kile kipimo kwa kidole, akaacha kucheka. Kilikuwa kimekufa. Wiki iliyofuata ufagio ukachukuliwa na mtu mwingine, yeye akapewa daftari na kalamu.

Alipofika miaka arobaini alikuwa ndiye msimamizi wa ujazaji na usalama. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, asiyependa kurudia neno. Kifuani alining'iniza kipimo cha oksijeni, kidude kisichozidi ukubwa wa kiberiti kinachopiga kelele hewa inapopungua. Hata kantini alikuwa nacho. Ndiyo maana wakamwita Mama Kipimo, na mwisho hata mume wake, fundi cherehani, akamwita hivyo hivyo.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa kiume, aliyemlea mgongoni mama yao alipokuwa akihangaika na vibarua. Huyo alikuwa mchomeleaji hodari, na kazini walimwita Cheche. Dada ndiye aliyemwingiza kiwandani, na siku ya kwanza alimsimamisha mbele ya tangi akampa somo.

"Mafuta na oksijeni ni petroli na kiberiti. Tone moja la grisi likibaki ndani ya tangi la oksijeni, tangi linaweza kulipuka na wewe, na mimi, na ukoo wetu mzima."

"Ukoo wetu ni sisi wawili na mama, dada," Cheche akajibu. "Hatutachukua nafasi kubwa."

Alicheka peke yake. Dada alimfanya alirudie lile somo mara tatu.

Ukaja mwaka ambao kituo cha kurushia roketi kiliagiza tangi kubwa la kuhifadhia oksijeni ya maji. Wafanyakazi waliona fahari kubwa. Mama Kipimo aliwaeleza kwamba huko juu roketi inakokwenda hakuna hewa ya kuunguzia mafuta, kwa hiyo roketi hubeba oksijeni yake yenyewe. Na oksijeni ikiwa gesi haibebeki, inakula nafasi mno. Lazima iwe maji, na ili iwe maji lazima iwe na baridi ile.

Tangi lililazwa uani, refu kama basi, lenye matundu mawili ya kuingilia mtu, moja mbele na moja nyuma. Kabla ya kujazwa lilipaswa kukaushwa kwa nitrojeni, maana unyevu ukibaki ndani hugeuka barafu na kuziba valvu. Nitrojeni si sumu. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni hiyo. Haina rangi, haina harufu. Ubaya wake ni mmoja tu, inapojaa mahali inaifukuza oksijeni, na mtu anayeivuta tupu hasikii kukabwa wala kuwashwa. Anavuta pumzi mbili, anaanguka.

Ilikuwa Alhamisi, kabla ya saa sita mchana. Nitrojeni ilikuwa ikipita ndani ya tangi tangu alfajiri. Kibao cha USIINGIE kilining'inia kwenye tundu la mbele. Tundu la nyuma lilipaswa kuwa limefungwa, lakini mpimaji wa unyevu alikuwa amelifungua asubuhi ile na kuliacha wazi, na karatasi ya kazi ilitaja kibao kimoja tu. Chini ya karatasi hiyo palikuwa na saini ya Mama Kipimo.

Cheche alikuwa nje, pembeni ya tundu la nyuma, akichomelea kishikio cha ngazi. Alipomaliza akajifuta mikono kwa kitambaa, na kitambaa kikamponyoka, kikaingia tangini. Mwendesha winchi, rafiki yake waliyekula naye kila siku, alimsikia akisema, "Lo! Kina grisi hicho!" Akamwona anaingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Kitambaa chenyewe kilikuwa hatua mbili tu kutoka tunduni.

Winchi, kama walivyomwita, alisubiri aone kichwa kikitoka. Akaita. Akaita tena. Halafu akapiga ukelele ulioshusha watu kutoka mnarani.

Mama Kipimo alifika mbio kutoka chumba cha kujazia. Alipoinama kwenye tundu, kidude cha kifuani kikaanza kulia. Hewa ya kawaida ina oksijeni ishirini na moja kwa mia. Kipimo kilisoma nne. Akamwona mdogo wake amelala kifudifudi, kitambaa mkononi.

Winchi alikuwa ameshavua koti. Mama Kipimo akamdaka kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili.

"Niachie!"

"Huingii."

"Si mdogo wako yule?"

"Ndiye."

"Basi niachie nimtoe!"

"Hutamtoa. Utalala juu yake."

Winchi alikuwa na mwili mara mbili wa mwanamke yule. Alimvuta, akamsukuma, akampiga bega. Ndipo Mama Kipimo akakaa. Alikaa mdomoni mwa tangi, akaliziba tundu kwa mgongo wake, miguu ameikita chini, na mkono wa Winchi hakuuachia. Kutoka pale alitoa amri kwa sauti ile ile ya chini: funga nitrojeni, leta bomba la hewa upulize kutoka mbele, kimbia ukalete mitungi ya kupumulia. Mitungi ilikuwa imefungiwa stoo, upande wa pili wa kiwanda, na mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kupeleka barua.

Watu walimzunguka. Mmoja alimwita muuaji. Mwingine alimsihi kwa machozi. Yeye alitazama saa yake, kwa kuwa waokoaji wangehitaji kuambiwa ni dakika ngapi zimepita. Alijua pia ubongo wa binadamu hauvumilii kukosa oksijeni zaidi ya dakika nne au tano. Dakika ya tano ilipopita, hakuinuka. Na ya sita. Kufuli la stoo likavunjwa, mitungi ikafika katika dakika ya saba, ndipo akasogea, na wanaume wawili waliovaa barakoa wakaingia na kumtoa Cheche. Walimhangaikia kwa zaidi ya nusu saa, kifua na pumzi, kifua na pumzi. Hakurudi.

Habari alizipeleka mwenyewe nyumbani. Mama yake alikuwa akichambua mchele sebuleni.

"Alianguka kutoka juu?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Aliungua?"

"Hapana. Alikosa hewa."

Mama akaweka ungo chini. "Alikosa hewa kwenye kiwanda cha hewa?"

Ule mzaha wake hakuusema tena maisha yake yote.

Msibani maneno hayana mwenyewe. Kabla siku ya pili haijaisha, binamu mmoja alikuwa ameshamnong'oneza mama jinsi mambo yalivyokuwa pale uani. Mama akamwita binti yake chumbani.

"Nimeambiwa ulikalia mlango."

"Ndiyo, mama."

"Na mwanangu yumo ndani."

"Ndiyo."

Mama akajifunika shuka, akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Hakumfukuza, hakumtukana. Binti akija kumwona, mama alizungumza na mkwewe fundi cherehani, au na mjukuu, au na ukuta. "Mwambieni huyo chai imeiva." "Mwambieni huyo mvua inakuja, aondoke mapema." Hilo neno "huyo" lilimkata binti kuliko tusi lolote. Fundi cherehani alijaribu siku moja kupatanisha, mama akamjibu, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe shona nguo."

Tume ya uchunguzi ilikaa kwenye ofisi ya meneja. Kabla Mama Kipimo hajaingia, meneja alimvuta pembeni akamwambia hakuna haja ya kusema asiloulizwa. Aliingia, akasimama, akasema, "Matundu yalikuwa mawili. Kibao kilikuwa kimoja. Saini ni yangu." Walimsimamisha usimamizi miezi mitatu, na alirudi akiwa na karatasi ya madai aliyoiandika nyumbani kwa mkono: kila tundu liwe na wavu wa chuma wenye kufuli, kila tundu kibao chake, na mitungi ya kupumulia ikae hatua kumi kutoka tangi, bila ufunguo. Meneja akasema watalifikiria. Mama Kipimo akasema, "Basi na mimi nitafikiria kama nitajaza." Nyavu zikachomelewa.

Tangi lile alilijaza yeye. Wengine walitaka liuzwe chuma chakavu, wakaliona la mkosi. Alikataa. Alisema mdogo wake aliingia mle ili lisilipuke, na alikitoa kile kitambaa, au alikuwa karibu kukitoa.

Winchi aliacha kazi wiki ile ile ya msiba. Ilipita karibu miezi kumi kabla hajajitokeza, mchana mmoja, mlangoni kwa mama. Alikataa kiti.

"Mama, nilimtukana binti yako matusi nisiyoweza kuyarudia mbele yako. Nilimpiga. Hakuniachia." Akanyoosha mkono wake, kana kwamba alama bado zipo. "Kila nikilala naota ameniachia. Naingia, nalala pale pale juu ya Cheche. Kisha naamka, namkuta mke wangu, nawakuta watoto. Sijui nimshukuruje. Hata kumtazama siwezi. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Jioni ile mama alimtuma jirani: "Mwambieni huyo aniletee hicho kilichomuua mwanangu. Nataka kukiona."

Jumapili Mama Kipimo aliomba ruhusa, akaja na chupa ya chuma ya nitrojeni nyuma ya pikapu. Waliiweka uani, mahali penye upepo wa kutosha, na ndoo ndefu katikati. Alipomimina, maji yale yalichemka kama yako motoni, ukungu mweupe ukafurika na kutambaa chini miguuni mwao. Mama hakurudi nyuma. Wakangoja. Maji yalipokwisha na ukungu kutulia, ndoo ilionekana tupu.

Binti akawasha njiti ya kiberiti, akaishusha polepole. Ilipopita tu ukingo wa ndoo, ikazimika. Hakuna aliyepuliza.

"Nipe," mama akasema.

Akawasha yeye. Ikazimika. Akawasha nyingine, nayo ikazimika, na nyingine. Akainama kunusa, binti akamshika bega.

"Haina harufu," mama akasema.

"Haina."

"Alisikia maumivu?"

"Hapana, mama. Pumzi mbili. Labda tatu."

"Hakuniita?"

"Hakupata muda wa kumwita mtu yeyote."

Mama akawasha njiti ya tano, akaiangalia ikifa. "Na wewe, dakika zote hizo, ulikuwa unamtazama?"

"Nilimpa mgongo. Ningemtazama, ningeingia."

Mama akaigeuzageuza njiti nyeusi mkononi.

"Mimi ningeingia," akasema mwishowe.

"Najua, mama."

"Na ningekufa."

"Ungekufa. Na Winchi angekufa. Na aliyemfuata Winchi."

Mama akaokota njiti zote zilizoanguka, moja moja, akazirudisha ndani ya kiberiti pamoja na nzima. "Funga hiyo chupa yako," akamwambia binti yake, akimtazama usoni. "Halafu ingia ndani. Umekonda. Hujala tangu asubuhi wewe."

Hawakuyazungumza tena, na si kweli kwamba yote yaliisha pale. Kulikuwa na siku mama aliamka na uchungu mpya, akarudi kumwita "huyo" mpaka jioni, na binti akaufahamu uchungu ule na kuuacha upite. Binti naye alikuwa na siku zake. Fundi cherehani aliwahi kumkuta amesimama jikoni, maji yamechemka yamekauka, yeye anaitazama saa ya mkononi.

Kituo cha roketi kilimpelekea barua ya mwaliko siku ya kurusha. Aliikunja vizuri, akaenda kwa mama yake kumsaidia kufua. Saa nne na nusu asubuhi redio ya jirani ikapiga kelele, watu wakashangilia, mtangazaji akasema kwa sauti iliyokauka kwamba roketi imepaa na kufika angani salama na kila mtambo umefanya kazi yake.

Mama alikuwa akikamua shuka upande mmoja, binti upande wa pili.

"Ndiyo hiyo ya tangi lenu?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Imefika?"

"Imefika."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Haya," akasema, "kaza upande wako, hili bado linachuruzika."