Hamsini au Sitini?

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi tuliyofungua sanduku la pampu pale Ijara. Watu walishangilia kama wako arusini! Mwana wa pale aliyekuwa Amerika ndiye aliyeituma, ngamia wanywe bila watu kuvuta maji kwa kamba. Mimi, kijana wa Nyeri niliyeajiriwa kutunza jenereta ya mji, nikasoma kibati chake. Loo! Pampu ya masafa sitini.

Umeme wa nchi yetu hupiga mara hamsini kwa sekunde, wa Amerika hupiga sitini. Kwa hamsini, pampu ile ingezunguka polepole. Vijana wakanizingira.

"Fundi, ongeza mwendo wa jenereta! Fikisha sitini!"

Na ningeweza, ilikuwa kugeuza skrubu tu. Mkono ulikuwa ukiniwasha.

Ndipo Ayeyo Dahabo, yaani Bibi Dahabo kwa Kisomali, aliyekuwa na ngamia wengi kuliko wote na aliyetamka p kama b, akasogea. "Friji ya dawa ya zahanati itabenda hiyo sitini?"

"Haitaipenda, Ayeyo. Imetengenezewa hamsini."

"Na waya ya umeme ya Garissa ikifika hapa?"

"Haitaungana nasi. Wao pia ni hamsini."

"Sasa unataka sisi tuhame beke yetu, sababu ya bampu moja?"

Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Nikaiacha skrubu, nikapiga hesabu. Pampu ilitaka volti mia nne themanini, jenereta yetu ilitoa mia nne, pungufu kwa kiasi kilekile cha masafa, basi pampu haingeungua. Nikaiwasha. Ikanguruma taratibu, bomba likakohoa tope, halafu maji! Kidogo, naam, lakini maji! Ngamia wakasukumana birikani, kina mama wakapiga vigelegele, nami nikalowa hadi viatuni nikicheka kama mwehu.

Juzi juzi nguzo kutoka Garissa zimetufikia, mimi sasa nina mvi. Waya ulipounganishwa, mji mzima uliwaka kwa mpigo mmoja na nchi! Friji, taa, mashine ya kusaga, hakuna kilichotupwa.

Basi mwanangu, wewe unayejifunza umeme, usichague kipimo kwa kutazama chombo kimoja kilicho mbele yako. Uliza kwanza kesho utaungana na nani. Kupata kidogo ukiwa na wenzako si hasara.

Mungu aulinde mkono wako kila ugusapo waya, na kila mji utakaouwashia taa upate maji ya kutosha.